Hakimu Aliniuliza Ninataka Nini

Makambako,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, Mama. Na wewe Sifa mdogo wangu, unayemsomea, kamwene, kama wanavyoamkiana huku Ubena. Soma polepole, wala usiruke mahali hata ukiona aibu.

Mama, goti limeamkaje? Sifa aliniandikia kwamba baridi ya safari hii imekukamata hata kanisani unakwenda kwa kushikwa mkono. Ile dawa ya hospitali ya misheni uliimaliza, au uliiacha nusu ulipoona nafuu, kama kawaida yako? Na ngano ya bondeni imepona, au barafu ya alfajiri iliiunguza? Nikiamka hapa nikaona nyasi nyeupe, nawaza kwamba huko Tandala kwetu lazima ni zaidi, na moyo unanienda mbio mpaka jua lipande.

Huku sisi ni wazima. Nimeandika “sisi”, na safari hii ni kweli. Ndiyo maana nimekaa kitako niandike barua ndefu.

Mama, tangu Yohana mume wangu afariki nimekuletea barua nne. Katika zote nne niliandika, “Mimi na Tumaini hatujambo.” Barua ya kwanza ilikuwa kweli. Tatu zilizofuata zilikuwa uongo. Mwanangu Tumaini hakuwa nami. Sikumwona akila wala akilala kwa mwaka mzima na miezi miwili. Nilipoandika kwamba ameota meno mapya, nilikuwa nimebuni tu, nikamhesabia umri wake kwenye vidole nikasema bila shaka sasa anaota.

Ilikuwa hivi. Tulipoanua matanga, shemeji yangu Lazaro alikuja na wazee watatu wa ukoo wao. Unamkumbuka Lazaro, ndiye aliyekuja Tandala na posa, akala viazi vyako akaomba tena. Si mtu mbaya, Mama. Alimlilia kaka yake mpaka sauti ikamkauka, na jeneza alilibeba yeye mbele njia nzima. Akaniambia, “Shemeji, hatukufukuzi. Mji wa kaka yangu ni mji wangu. Kaa, nitakutunza.” Nikamwambia, “Lazaro, wewe una mke, na mke wako ni rafiki yangu. Mimi nilifunga ndoa kanisani na mtu mmoja. Nitakaa na mwanangu nishone nguo.” Wazee wakatazamana. Mmoja akasema, “Kama hutaki kurithiwa, hakuna anayekulazimisha. Lakini mtoto ni wa ukoo, na cherehani ni ya marehemu.” Asubuhi iliyofuata wakaja kuvichukua vyote viwili, mtoto akitembea mbele na cherehani ikibebwa nyuma, kwenda kijijini kwao, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu. Tumaini alidhani anakwenda kutembea tu. Alinipungia mkono.

Nilipeleka shauri kwenye baraza. Wakati ule aliyekuwa akiamua mashauri ni Mtwa mwenyewe, chifu wa huku, pamoja na wazee wake, na karani mmoja, Zakaria, wa kuandika. Mtwa huyo ameoa dada yake Lazaro. Mimi nilikuwa na shahidi mmoja, Mzee Mika, mzee wa kanisa, aliyekaa na Yohana siku zake za mwisho. Akasimama na fimbo yake akasema mbele ya wote, “Yohana alinishika mkono akiwa na akili zake timamu. Alisema, mtoto abaki na mama yake, hata kama mama huyo hataolewa na ndugu yangu.” Mtwa akamgeukia karani akamwambia, “Hayo ni mazungumzo ya kanisani.” Nikamwona Karani Zakaria akiilaza kalamu yake juu ya meza. Sikuelewa. Sikujua kwamba kalamu ikilala, neno nalo limelala.

Tulikaa pale asubuhi yote, watu wakasema mengi, na mwisho wake mtoto akawa wa ukoo. Mvua zilipoanza Mzee Mika akaugua kifua, akafa. Tukamzika Jumamosi. Nilipokuwa nikitupa udongo nilijua natupa pamoja naye maneno yote niliyokuwa nayo.

Katika kipindi hicho ndipo nilipokuandikia kuhusu meno.

Sasa, sijui kama huko kwenu mambo haya yamekwisha fika. Siku moja ya gulio tarishi wa serikali alisimama juu ya sanduku akasoma tangazo. Alisema serikali imeamua kwamba katika eneo letu Mtwa hatakaa tena kuamua mashauri. Mtwa atabaki na kodi, na barabara, na mambo ya watu wake, lakini mashauri yatasikilizwa na hakimu ambaye hana kazi nyingine ila hiyo. Hakimu ataandika sababu za hukumu yake, na asiyeridhika ana ruhusa ya kukata rufaa. Watu wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mzee mmoja alitikisa kichwa akasema, “Mtwa asiyeamua mashauri, nani atamheshimu? Huyo hakimu anatujua sisi? Anajua ukoo gani ulihamia lini?” Mama Neema, jirani yangu anayeuza viazi, akamjibu bila kuinua macho kwenye debe lake, “Ndiyo uzuri wake, Baba. Yeye hatujui.” Watu wakacheka, hata yule mzee.

Mimi sikucheka. Nilimfuata tarishi mpaka nje ya soko nikamwuliza, na shauri lililokwisha amuliwa? Akaniambia, “Hilo waulize boma.”

Nikapanda lori lililobeba magome ya miti ya miwati, nikafika Njombe nikinuka magome hayo mpaka kwenye nywele. Nilikaa kwenye benchi la boma siku mbili. Usiku nililala kwa mama mmoja wa kanisa ambaye hakuniuliza swali hata moja, alinipa tu blanketi. Mungu amkumbuke. Siku ya pili karani wa boma akaniita, akaifungua nakala ya hukumu niliyopewa.

“Mama, una shahidi?”

“Nilikuwa naye. Amefariki.”

“Humu hayumo.”

“Alisema mbele ya baraza zima.”

Akaigeuza karatasi kunionyesha. Ulikuwa ukurasa mmoja. Jina la Mzee Mika halikuwemo. “Mama,” akasema, bila ukali, “Bwana Shauri hasomi hewa. Anasoma karatasi.”

Nililia, nakiri. Nililia pale pale. Nafikiri ndiyo sababu aliniingiza kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ili nisilie mlangoni. Yule Mzungu anasema Kiswahili cha kukatakata lakini anasikiliza. Aliniuliza mtoto ana miaka mingapi, na Mtwa ana undugu gani na shemeji yangu. Niliposema, aliandika. Kisha akasema shauri lisikilizwe upya na hakimu mpya, akapiga muhuri. Nilirudi Makambako na bahasha ile kifuani, ndani ya nguo, nikiishika kila lori liliporuka shimo.

Lakini Mama, bahasha si shahidi. Nilijua hakuna mtu aliye hai wa kuthubutu kusema yale aliyoyasema Mzee Mika, maana waliokuwepo siku ile wote walikuwa watu wa Mtwa. Isipokuwa mmoja. Nikaenda nyumbani kwa Karani Zakaria. Nilimkuta anapalilia pareto yake. Aliponiona aliacha jembe, lakini hakunikaribisha kukaa.

“Najua ulichokuja kutafuta,” akasema. “Mama Tumaini, mimi nina watoto sita.”

“Najua,” nikamwambia. “Mimi nina mmoja.”

Alilichukua jembe lake akaendelea kupalilia, nami nikaondoka.

Siku ya shauri, chumba cha baraza kilijaa, na wengine walisimama madirishani. Picha ya Malkia sasa imewekwa ukutani. Hakimu mpya ni mtu mfupi mwenye miwani, zamani alikuwa mwalimu wa shule. Anaandika mwenyewe kila neno. Lazaro alipoanza kusema kwa kasi, yule hakimu aliinua kiganja, “Ngoja, bwana. Mkono wangu hauna mbio kama mdomo wako.” Hapo nikaona kwamba kalamu hii haitalala.

Lazaro alisema vizuri. Alisema anampenda mtoto wa kaka yake, anamlisha, anamvisha, na damu haiwezi kuachwa barabarani pamoja na malori. Alisema, “Huyu mama kesho ataolewa na dereva asiyejulikana kwao, na jina la kaka yangu litapotea.” Nilitaka kumchukia, lakini nilisikia sauti yake ikimkwama alipotaja jina la kaka yake. Mimi nikasema yangu, na ya Mzee Mika. Lazaro akasema, “Maiti haitoi ushahidi.” Watu wakaguna.

Hakimu akamwambia Karani Zakaria alete daftari la zamani. Akalisoma. Kisha akauliza, kwa sauti ya mwalimu anayesahihisha hesabu: “Karani, umeandika shauri lilianza saa tatu asubuhi. Umeandika lilikwisha saa sita. Maneno uliyoyaandika ni ukurasa mmoja, mimi nimeusoma kabla ya mtu kumaliza kukohoa. Saa tatu nzima mlikuwa mkifanya nini?”

Zakaria alikuwa amesimama kando ya meza. Alimtazama Mtwa, ambaye alikuja kama watu wengine akakaa benchi la mbele. Alitazama dirishani, ambako mke wake alikuwa amesimama na mtoto mgongoni. Kisha akaitazama mikono yake.

“Tulisikiliza watu, Bwana Hakimu,” akasema.

“Watu gani?”

“Mzee Mika. Marehemu Mzee Mika alisema.”

“Alisema nini?”

Akayasema, Mama. Neno kwa neno, kama alivyoyasema mzee mwenyewe, hata mahali pa kushikwa mkono. Alikuwa ameyabeba muda wote huo kichwani. Hakimu akamwuliza kwa nini hayamo daftarini. Zakaria akasema, “Niliambiwa ni mazungumzo ya kanisani. Nikailaza kalamu. Kosa ni langu, kalamu ilikuwa mkononi mwangu.”

Mtwa aliinuka akatoka. Hakuna aliyethubutu kumfuata wala kumcheka.

Baada ya hapo hakimu alivua miwani akanitazama. Nilidhani ataniuliza tena kuhusu Yohana alivyotaka, au wazee walivyotaka, au kanisa linavyotaka. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Akaniuliza, “Na wewe mwenyewe, mama, unataka nini?”

Nilisimama pale na mdomo wazi. Tangu Yohana alipozikwa kila mtu alikuwa ameniambia ninachostahili na nisichostahili, na hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza kwa maneno. Mwisho nikasema, “Nataka nimlee mwanangu. Nataka baba yake mdogo awe baba yake mdogo, asiwe mume wangu.” Akaandika. Nilikuwa nikiitazama kalamu ikitembea juu ya maneno yangu.

Hukumu aliisoma alasiri, pamoja na sababu zake, na sababu zilikuwa ndefu kuliko hukumu. Tumaini akae na mimi. Ukoo wa baba yake usikatazwe kumwona, na siku ya kuposwa kwake waitwe kama ilivyo desturi. Cherehani nimeikosa. Niliposema tuliinunua pamoja, mimi kwa pareto niliyolima na Yohana kwa kushona, sikuwa na wa kunithibitishia, na hakimu alisema hawezi kuandika asichothibitishiwa. Nilisikitika kidogo, halafu nikaona ni haki. Mtu asiyeweza kuandika uongo kwa faida yangu hatamwandikia mwingine uongo juu yangu. Sasa nashona kwa kuazima cherehani ya fundi mmoja kwenye kibaraza cha duka, yeye akipumzika mimi nashona.

Aliyemleta Tumaini si Lazaro. Ni mke wake, Mama Eliza. Walikuja wawili kwa miguu, Mama Eliza amembebea kifurushi cha nguo, zote zimefuliwa na kukunjwa. Alinikabidhi akasema, “Hapendi maharage. Usimlazimishe.” Kisha akageuka haraka, na nikaona mabega yake yanatikisika njia nzima mpaka kona. Mama, nilikuwa nimeomba mwaka mzima mwanangu arudi, na sikuwa nimefikiri hata siku moja kwamba akirudi kwangu atakuwa anatoka kwa mtu.

Sitakuficha, haikuwa kama nilivyoota. Tumaini alisimama mlangoni akaniamkia kwa Kibena, kwa adabu, kama mgeni. Kikinga chetu kimemtoka. Siku za kwanza alilala ukingoni mwa kitanda, amenipa mgongo. Nilipomwita alikuja, nilipompa chakula alishukuru. Mtoto wa miaka saba akikushukuru kwa kila kitu, inaumiza kuliko akikulilia. Siku ya tisa, nilikuwa nashona kibarazani, yeye amekaa chini anaokota vipande vya vitambaa. Akasema, bila kunitazama, “Ulinipungia mkono.” Nikamwuliza lini. “Siku ile. Mimi nilikupungia na wewe ukanipungia. Kwa nini hukuniita nirudi?”

Nikashuka kwenye kiti nikakaa naye chini. Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa wazee, na nilidhani nikipiga kelele nitamtia hofu, na kwamba tangu siku ile nimekuwa nikimwita. Alifikiri. Akasema, “Sikusikia.” Nikamwambia, “Najua. Ilibidi niende mpaka Njombe ndipo isikike.” Akanipa kitambaa kimoja chekundu nimshonee mfuko. Usiku ule alilala akinitazama.

Karani Zakaria amesimamishwa kazi mpaka boma litoe uamuzi juu yake. Wengine wanasema ni stahili yake. Mimi nimekwenda kwake mara mbili. Mara ya pili alinikaribisha kukaa. Nawashonea watoto wake kaptula za shule, na mke wake hunipa njegere. Kama mna nafasi katika maombi yenu, mtajeni.

Sasa Mama, nije kwako wewe. Sifa, hapa soma kwa sauti ya chini.

Utaniuliza kwa nini nilikuficha, wewe ambaye nilikuwa nakuambia hata nikichomwa na mwiba. Si kwamba niliogopa ungesema, “Nilikukataza kuolewa mbali.” Sababu ni nyingine. Baba alipofariki, mimi nilikuwa na umri mkubwa kidogo kuliko huu wa Tumaini. Nakumbuka wazee walikuja wakakaa sebuleni, na wewe ulikuwa jikoni unapika. Walipomaliza walikuita wakakuambia. Ukasema, “Sawa,” ukarudi jikoni, ukageuza ugali. Baba Mdogo akawa baba yetu. Hakutupiga wala hakutunyima, na Sifa ni zawadi ya ndoa hiyo. Lakini mimi nilipomkataa Lazaro, usiku ule ule nilikuwaza wewe. Niliona kama nimesimama mbele ya wazee wale nikasema kwamba ulichokifanya wewe mimi sikitaki, kama nimekuhukumu. Na Tumaini alipochukuliwa, nikaelewa kwa mara ya kwanza kwamba neno lako moja ndilo lililotuweka sote chini ya paa moja. Ningekuandikiaje hayo? Nikaandika meno.

Nisamehe kwa uongo ule. Na nisamehe kwa hili ninalotaka kukuuliza, maana mtoto hamwulizi mama yake jambo kama hili. Tangu hakimu aniulize, nikiwa nashona, nikiwa kisimani, namwona mtu amesimama jikoni anageuza ugali, na hakuna aliyemwuliza. Basi nakuuliza mimi, ingawa nimechelewa miaka mingi, na jibu halitabadilisha kitu wala halitampunguzia mtu heshima. Mama, wewe mwenyewe ulitaka nini?

Usimpe Sifa jibu la kuandika kama hutaki. Barabara ikikauka tutakuja, mimi na Tumaini. Tutafika Njombe kwa lori, na kutoka hapo tutapata namna, hata kwa miguu. Ukipenda, utaniambia tukiwa tunamenya viazi. Usipopenda, tutamenya viazi.

Nisalimie Baba Mdogo. Mwambie namshukuru kwa kunilea, na kwamba nasema hivyo nikiwa mtu mzima ninayejua ninachosema. Msalimie shangazi aliye jirani na kanisa, na yule mkunga mzee aliyenipokea mimi, kama bado anaona, na mwinjilisti aliyenifundisha herufi, mwambie zimenifaa. Wewe Sifa nakupa pole kwa kusoma yote haya kwa pumzi moja.

Tumaini amekataa kuandika salamu kwa Kikinga, anasema atakosea. Ameandika kwa Kiswahili hapo chini, pale mkono wake ulipofikia, kwamba anakuja, na kwamba hapendi maharage.

Ni mimi binti yako,
Agnesi, mama Tumaini.